Risala ya wazazi na vijana wa Kilwa Masoko kwa mgeni rasmi, Siku ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Waheshimiwa madiwani, wataalamu wa afya, masheikh na wachungaji, wazee wetu wa pwani, ndugu wananchi. Assalaamu alaykum.

Mheshimiwa mgeni rasmi, karibu sana Masoko. Sisi ni kikundi cha wazazi ambao watoto wetu wametumia au bado wanatumia unga, yaani heroini, pamoja na vijana waliokwisha kuacha. Tulianza kukutana uani kwa mmoja wetu, kwa kujificha, maana kila mama alidhani msiba huu umemfika yeye peke yake.

Kijana wetu mmoja, mvuvi, alipelekwa Dar es Salaam kwa shangazi yake aanze methadone, dawa ya hospitali inayomsaidia mtu kuacha unga. Kila asubuhi alipanga foleni, akaitwa, akapewa dawa ya maji katika kikombe kidogo, akanywa mbele ya muuguzi, kisha akasemeshwa maneno mawili matatu ili ijulikane amemeza. Dozi ilipandishwa taratibu, na ile arosto, mateso ya kukosa unga, iliyokuwa ikimkunja tumbo na kumtoa jasho la baridi ikaondoka. Alinawiri, akapata kibarua sokoni. Ndipo baba yake akafariki, akarudi kuzika. Siku ya kwanza alivumilia. Ya pili hakulala. Ya tatu, hitima haijasomwa, alikuwa maskani, kule wanakokutania watumiaji. Mheshimiwa, kilichomrudisha ni kilomita takriban 300 zilizokuwa kati yake na kile kikombe.

Methadone hushika mwilini siku moja au siku moja na nusu tu, ndiyo sababu hunywewa kila siku. Serikali yetu ilianza huduma hii mapema: kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa kama Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Tunaishukuru kwa dhati. Tunaomba nasi tupate dirisha moja tu, pale Hospitali ya Wilaya Kinyonga, na waliokwisha kutulia wapewe dozi za kubeba kwa kadiri utaratibu unavyoruhusu, ili mtu aweze kuzika mzazi wake bila kurudi kwenye unga.

La pili ni zito kulisema hadharani, lakini tutalisema. Bomba moja la sindano hupita kwa watu watatu, wanne. Si kwamba hawajui hatari. Wakienda kununua jipya, wako wauzaji wa dawa wanaowafukuza kama wezi, basi wanarudi kusuuza lile lile kwa maji ya chupa. Damu isiyoonekana hata kwa macho inatosha kubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini, B na C. Homa ya ini C siku hizi hutibiwa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na walio wengi hupona kabisa. Ya B ina chanjo. Inasikitisha mtu kuumizwa na ugonjwa wenye dawa.

Tunawakumbuka hasa wavuvi wa dago, yaani wanaopiga kambi za uvuvi, wanaofuata bamvua kule Songosongo na visiwa vya jirani. Wakiwa huko hospitali iko ng'ambo ya maji; wakirudi usiku huduma za kupima zimefungwa. Tunaomba timu ya kupima iwafuate, hata mara moja kwa mwezi. Na mabinti wanaotumia wanajificha kuliko wote. Mjamzito huogopa kliniki kwa kuhofia matusi, ilhali methadone ni salama zaidi kwake na kwa mimba kuliko kuacha unga ghafla, na kama ana virusi vya Ukimwi, akianza ARV mapema mtoto anaweza kuzaliwa bila virusi. Tunaomba wakunga wafundishwe kumpokea.

Kwa upande wetu, tunao vijana sita walio tayari kuwa waelimisha rika. Maskani zote wanazijua, na wanaaminiwa huko. Chumba cha kukutania tumeshakipata. Tunachopungukiwa ni mafunzo na mtaalamu wa kuwasimamia. Yule kijana tuliyemtaja ameketi hapa miongoni mwetu. Ameridhia tuyaseme haya, na yuko tayari kuanza upya hata kesho.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.