Safari ya Guangzhou huharibikia kwenye kalenda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu matangazo ya safari za Guangzhou, China, ambayo kila ikikaribia Aprili hujaa magazetini na kwenye simu zetu, yakiwaahidi wafanyabiashara wenye mitaji midogo siku saba za kufuata mzigo kwa gharama nafuu. Matangazo hayo hutaja nauli, viza na hoteli, lakini kuhusu tarehe hayasemi lolote, ilhali tarehe ndiyo inayoamua kama safari itakuwa nafuu au la.

Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka: ya kwanza huanza Aprili 15 na kuishia mwanzoni mwa Mei, na ya pili huanza Oktoba 15 na kuishia mwanzoni mwa Novemba. Wanunuzi humiminika kutoka kila pembe ya dunia, na bei za hoteli hupanda. Anayetafuta mashine, au anayetaka kukutana na wenye viwanda ana kwa ana, ana sababu ya kwenda wakati huo, mradi aijue awamu yake, kwa kuwa kila msimu una awamu tatu za siku tano tano, na aliyefuata nguo akifika katika awamu ya kwanza atakuta mitambo na vifaa vya umeme. Wengi wetu, hata hivyo, hatuendi kwenye maonyesho. Tunakwenda kwenye machimbo, kama tunavyoyaita hapa Kariakoo masoko ya jumla: Baima na Shahe kwa nguo, Sanyuanli kwa mikoba, na machimbo hayo hayasubiri maonyesho ili yafunguliwe. Ya nini basi kulipia chumba kwa bei ya msimu ambao haukuhusu?

Safari yangu ya kwanza niliandaliwa na wakala mmoja, ambaye simtaji, na nilifika katikati ya Aprili nikiwa sijui habari hizo. Chumba pekee kilimeza fedha nilizokuwa nimetenga kwa mikoba, nikarudi na nusu ya mzigo. Safari ya pili nilijipangia mwenyewe mwezi Juni. Joto lilikuwa kali na mvua ilinyesha karibu kila alasiri, lakini hesabu zangu zilikaa sawa. Nyakati nyingine za kuepuka ni Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari 20, viwanda vikifungwa na wafanyakazi wakirudi kwao kwa majuma kadhaa, na pia wiki ya kwanza ya Oktoba, ambayo ni sikukuu ya taifa.

Baada ya tarehe, kinachovuja fedha ni siku ya kwanza, pale mgeni anapotoka uwanja wa ndege akiwa amechoka na kuingia teksi ya zaidi ya yuan 100. Treni ya chini ya ardhi inaanzia hapo hapo uwanjani, na kufika Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hufikia, hakufiki yuan 10. Mashine ya tiketi ina lugha ya Kiingereza, nayo hukutemea kidude cha plastiki cha mviringo, mfano wa kifungo cha koti, ambacho unakigusisha langoni unapoingia na kukitumbukiza kwenye tundu unapotoka. Nilikipoteza changu mara moja kwa kukichanganya na sarafu mfukoni, na nikalipa tena. Treni hulala usiku, kwa hiyo anayetua usiku wa manane hesabu hii haimhusu.

Fedha taslimu bado ni halali, lakini mama muuza maandazi ya mvuke hatakuwa na chenji. Amebandika alama ya malipo ya simu ukutani, na kila mteja anaielekezea simu yake na kuondoka. Ni vyema kujisajili Alipay, programu ya malipo ya simu ya huko, kwa pasipoti na kadi ya benki mtu akiwa bado nyumbani. Kwa kadi ya kigeni, malipo yasiyozidi yuan 200 hayatozwi ada, na yanayozidi hapo hutozwa asilimia 3. WhatsApp na Google zimezuiwa kwenye mtandao wa huko, na hapo ndipo laini ya kwetu iliyounganishwa na huduma ya nje ya nchi husaidia.

Wapo wanaookoa gharama kwa kulala kwa ndugu au rafiki. Hilo ni jema, ila sheria inataka mgeni ajiandikishe polisi ndani ya saa 24, kazi ambayo hoteli humfanyia mteja wake bila yeye kujua.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mawakala wanaoleta matangazo ya safari hizi kwenye gazeti lako watakiwe kueleza, pembeni mwa bei, kama tarehe zao zinaangukia kwenye maonyesho au sikukuu, na chumba kitagharimu kiasi gani kwa usiku mmoja.

Mfanyabiashara mdogo,
Kariakoo, Dar es Salaam