Mbona Mwenzangu Alianza na Boti, Mimi Naanza na Gari?

Swali linalotufikia mara nyingi kwenye wasapu, sisi tunaotembeza wageni Unguja, si la bei. Ni hili: "Rafiki yangu alikuja mwezi uliopita, mkampandisha boti saa mbili asubuhi. Mimi mnaniambia saa kumi na mbili na nusu niwe garini kwenda Paje, huko mashariki. Mbona?" Wengine hudhani tumejaza wageni kupita kiasi, tunawapangia foleni. Hapana. Ratiba anaipanga bahari, sisi tunaisoma tu.

Safari yetu ya siku moja Unguja ina sehemu tatu za kuogelea: fungu la Nakupenda mbele ya Mji Mkongwe, pango lenye maji baridi upande wa Paje, na ufukwe wa mashariki. Sehemu ni hizo hizo mwaka mzima. Kinachobadilika ni kipi kitangulie.

Nakupenda ni mchanga mtupu katikati ya bahari, hauna hata mti. Boti inafika kwa dakika ishirini hadi thelathini. Maji yakijaa, fungu lote linazama, kwa hiyo huko tunataka maji yakiwa yanakupwa. Mashariki ni kinyume kabisa. Mwamba wa matumbawe uko mbali na pwani, na kutoka hapo hadi ufukweni ni uwanda wa kina kifupi. Maji yakijaa unapata bwawa pana, limetulia, mawimbi yanavunjikia huko mwambani. Yakikupwa, bahari unaiona kwa macho lakini kuifikia ni safari ya miguu.

Hili tulijifunza kwa aibu. Mwaka wetu wa kwanza tuliipeleka familia moja kutoka Dar kwenye ufukwe wa Jambiani, huko huko mashariki, saa nne asubuhi, tena siku ya bamvua, maji yanapokupwa kupita kawaida. Watoto walishuka garini wamekwisha kuvaa nguo za kuogelea, wakakuta mchanga, majani ya baharini na akina mama wa mwani wameinama kwenye mashamba yao. Mdogo wao akauliza, "Maji wameyapeleka wapi?" Baba yao hakucheka. Tulirudisha nusu ya pesa, na ilikuwa haki yake.

Tangu siku hiyo ukutani ofisini kuna kalenda ya Kiislamu, na ndiyo tunayoitazama kabla ya kukujibu. Wavuvi wetu huhesabu hivyo hivyo. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na siku moja mbili baadaye ndipo maji yanapojaa na kukupwa kwa nguvu zaidi; tofauti ya juu na chini inapita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti hushuka hadi mita moja hivi. Hapa Unguja siku za bamvua maji hukupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika hamsini.

Basi bamvua ndiyo siku tamu kwa safari yetu: asubuhi Nakupenda, mchana pangoni, alasiri mashariki maji yanapopanda. Idi ya Fitri huangukia tarehe mosi ya mwezi wa Kiislamu, kwa hiyo Idi Mosi bahari inakuwa upande wako. Idi ya kuchinja ni tarehe kumi ya mwezi wake, maji mafu ndiyo kwanza yanapita na bahari hujaa karibu na adhuhuri. Hapo tunaanza mashariki, na Nakupenda ya alasiri unaikuta ndogo kuliko ile ya kwenye picha. Tunakuambia mapema, usije ukasema umeuziwa fungu bovu. Ziko pia siku ambazo hesabu haikubali kabisa. Siku hizo tunakushauri uache mashariki twende Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, ambako kina kinaanza karibu na ufukwe na unaogelea muda wowote.

Pango ndilo pekee lisilosumbua ratiba. Unguja ya kusini imekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale. Maji ya mvua huingia jiweni, huliyeyusha taratibu miaka na miaka, mwisho dari huporomoka na chini yake unabaki mwanga na maji ya kijani-buluu. Maji yale hayana mawimbi ya kuyasafisha, na ni sehemu ya maji ya chini ya ardhi ambayo vijiji huchota visimani. Ndiyo maana tunakuomba uoge kwanza na usijipake losheni ya jua wala mafuta ya nazi kabla ya kuingia. Baadhi ya mapango ya huku ni mizimu pia, yaani mahali pa matambiko; ukikuta ubani au kipande cha kitambaa kwenye jiwe, kiache kilipo.

Kuhusu kuingia majini na kasa kwenye mabwawa: watu wanauliza, sisi hatupeleki. Kasa anashikwa mgongo na watu wengi kwa siku kwa ajili ya picha, halafu tunaita hiyo mapumziko. Labda ni ukali wetu tu.

Wateja wetu wengi hawajui kuogelea, na si aibu. Majaketi ya kuokolea tunayo hadi ya watoto. Ila Nakupenda msivuke upande anaowakataza nahodha. Kwenye ncha za fungu mkondo huvuta hata pale maji yanapofika kiunoni. Akina mama wanaopenda kuogelea kwa stara watuambie mapema, tunatafuta kipande cha ufukwe kisicho na watu. Vijijini tunapopita, kanga ya kujifunga ni lazima, na kwenye mashamba ya mwani tembeeni nje ya vigingi na kamba. Kamba ikikatika, ni kipato cha mtu kimekwenda na maji.

Unayetoka Dar kwa boti ya saa moja asubuhi: utatia mguu bandarini kama saa tatu, na hadi utoke na mizigo fungu linaanza kuhesabu dakika zake. Siku za bamvua njoo jana yake, ulale mjini, ule urojo Forodhani.

Ukituandikia, tutajie tarehe na wangapi kati yenu hawajui kuogelea. Saa tutakutajia sisi.