Wasusi tufundishwe kabla ya kushika nyuso za watu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni msusi, nina saluni ya viti vitatu Majengo hapa Moshi, huu ni mwaka wa 11. Pamoja na kusuka, nasafisha uso. Kazi hiyo hakuna aliyenifundisha. Niliiona kwa dada aliyeniajiri zamani, nikaichukua kama nilivyoiona.

Wateja wa uso huja zaidi wiki ya send-off, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Binti anaingia Jumatatu, Jumamosi ni sherehe yake, anataka chunusi zote ziwe zimekwisha. Mwaka juzi alikuja binti wa jirani yangu. Nilimfukiza kwa maji ya moto, nikamkamua mashavu yote kwa pini, hata vile vipele vya ndani visivyo na mdomo, kisha nikampa krimu ya kuchanganya niliyokuwa nainunua kwa jumla, kikopo kisicho na lebo. Siku ya tano uso ulikuwa laini. Alinishukuru mbele za watu ukumbini, na baada ya hapo akawa anakuja kununua kikopo kila kinapoisha.

Miezi minne baadaye alirudi amejifunika mtandio hadi machoni. Ngozi ya mashavu imekuwa nyembamba na nyekundu, vipele vidogo vya namna moja vimezunguka mdomo, na akitoka juani anasikia kuungua. Mama yake hakunigombeza. Aliniomba tu nifuatane nao kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, nikaeleze mwenyewe nilimpaka nini.

Nilieleza. Tabibu akatuambia krimu za namna ile mara nyingi hutiwa steroidi kali, jamii ya clobetasol. Steroidi hupoza uvimbe kwa siku chache, lakini ikipakwa usoni kwa miezi inakondesha ngozi na kuotesha chunusi zake yenyewe. Mtu akiiacha, uso unalipuka upya, naye anakimbilia kikopo kingine. Miaka yote hiyo mimi nilidhani wateja wanarudi kwa sababu krimu imewafaa.

Nilijifunza mengine pale pale. Chunusi si uchafu. Wakati wa balehe homoni huongeza mafuta ya ngozi, mafuta hayo na seli zilizokufa huziba kitundu cha unywele, bakteria huzaliana humo, ndipo kipele kinavimba. Kusugua kwa nguvu hakufiki huko. Kukamua kipele cha ndani kunapasua chini kwa chini, na kwenye ngozi zetu nyeusi jeraha mara nyingi linaacha doa la miezi. Kisha tabibu akauliza swali ambalo msusi nilipaswa kuwa nimelijua: je, chunusi za kipaji cha uso zimeanza lini, na anasukwa kwa mafuta gani? Mafuta mazito ya nywele yakichuruzika kwenye kipaji yanaziba vitundu. Nimewapaka wasichana wangapi, halafu nikawauzia krimu ya kuyatibu niliyoyaleta mwenyewe!

Ngozi ilipotulia, binti aliandikiwa dawa mbili za kupaka za chunusi: benzoyl peroxide, na adapalene ya kupaka usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, baada ya kuulizwa kwanza kama ana mimba. Akaambiwa asitarajie mabadiliko ya maana kabla ya wiki 8 hadi 12. Kwa hiyo anayetaka uso wa send-off aanze miezi mitatu kabla. Siku hizi nawaambia hivyo, na wengine wanakwenda saluni ya jirani.

Sisemi saluni ziache uso. Kutoa vichwa vyeusi vya chunusi kwa kifaa safi na glavu mpya ni kazi yetu halali, ila lazima tujue tunaishia wapi. Mwenye vipele vya usaha, vya ndani au vinavyoacha makovu hapaswi kuguswa na mimi, anatakiwa kliniki.

Kinachoniumiza ni kwamba ujuzi wenyewe uko hapa hapa mjini. Pale KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, matabibu wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma Moshi. Sisi tulioshika nyuso za mabinti wa Moshi hatujawahi kukaa darasani hata saa moja.

Naomba halmashauri, inapotupa leseni za saluni, ishirikiane na wataalamu hao kutufundisha angalau siku moja: kusoma lebo, kuitambua ngozi iliyoharibiwa na krimu, kujua nani wa kumpeleka kliniki. Iwe Jumatatu, siku ambayo wateja ni wachache. Mimi nitafunga saluni nije, na wasichana wangu wawili nitakuja nao.

Msusi,
Majengo, Moshi