Barua ya wazi kwa Balozi wa Ujerumani nchini Kenya: mwajiri ndiye alipe

Mheshimiwa Balozi,

Ninafundisha Kijerumani katika chumba cha kukodi mtaani Umoja. Wanafunzi wangu wengi ni wauguzi waliohitimu. Wengine ni mafundi wa umeme na madereva. Ninakuandikia kwa ajili yao, na jambo lenyewe ni pesa.

Tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela wa wakati huo, Olaf Scholz, walishuhudia mkataba wa uhamiaji ukitiwa saini mjini Berlin. Habari zikaenea kwamba Wakenya 250,000 wamepata nafasi za kazi Ujerumani. Wizara yenu ya Mambo ya Ndani ilikanusha mara moja: mkataba hautaji idadi yoyote, na kila mwombaji lazima atimize masharti ya sheria za Ujerumani. Kanusho hilo halikufika mitaani kwetu. Waliofika ni maajenti, na maneno yao ni yale yale: nafasi zinaisha, lipa leo. Mwanafunzi wangu mmoja alimlipa ajenti pesa ambazo baba yake alipata kwa kuuza kipande cha shamba. Akapewa barua ya kazi kutoka hospitali ambayo haikuwahi kulisikia jina lake. Hadi leo hajarudishiwa hata shilingi, na baba hazungumzi naye.

Hata anayefuata njia halali anaumia. Kuna karo ya lugha kuanzia kiwango cha wanaoanza, A1, hadi cha juu ya wastani, B2, ada za mitihani, tafsiri ya vyeti, ada ya kutambuliwa kwa taaluma yake katika jimbo analokwenda, viza, tiketi ya ndege. Anakopa kwenye Sacco, wadhamini wake wakiwa wenzake wa wodini. Akishindwa kulipa, wao ndio wanaokatwa mshahara.

Sasa, nani anamhitaji mwenzake zaidi hapa? Kizazi kikubwa kilichozaliwa kwenu baada ya vita kinastaafu, na watoto waliozaliwa nyuma yao ni wachache. Mwaka 2021 mkuu wa idara yenu ya ajira alisema Ujerumani inahitaji wahamiaji wapatao 400,000 kila mwaka ili isikose wafanyakazi. Wazee wenu wanahitaji wa kuwauguza. Huku kwetu kuna wauguzi waliosomeshwa na kusajiliwa lakini wanakaa nyumbani kwa sababu serikali haiwaajiri, ilhali wodi zetu zina upungufu. Hilo ni deni la viongozi wetu na nitawaandikia barua yao.

Najua pia hofu iliyopo kwenu. Katika uchaguzi wa Februari 2025, chama cha AfD, kinachopinga uhamiaji, kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura. Siwezi kuwadharau wapiga kura hao wote. Wapo wanaoona nyumba za kupanga zimekuwa adimu na madarasa yamejaa watoto wasiojua lugha, na wanauliza maswali ya haki. Lakini tazameni historia yenu wenyewe. Mlianza kuleta vibarua kutoka Italia mwaka 1955, kutoka Uturuki mwaka 1961, na mkafunga mlango mwaka 1973. Wengi wao walirudi makwao, ila mamilioni walibaki na kuzaa. Kozi za kitaifa za lugha na maisha ya Ujerumani zilianza mwaka 2005, nusu karne tangu mkataba ule wa kwanza! Kwa miaka yote hiyo mtu aliachwa ajitafutie njia, kisha akalaumiwa kwa kutojichanganya na wenyeji.

Anayefika na deni hufuata mkondo huo huo. Hukubali zamu yoyote, hupanga chumba pamoja na watu wengi kupita kiasi, huacha masomo ya lugha ili apate saa za ziada, na akidhulumiwa kazini hanyanyui sauti kwa sababu Sacco inamsubiri Nairobi. Hatakuwa jirani mwema wa mtu yeyote, kwa kuwa hana muda wa kuwa jirani. Ndiyo maana nasema suala la nani analipa ni suala la Ujerumani kama lilivyo letu.

Dawa mnayo tayari. Tangu mwaka 2022 serikali yenu hutoa alama ya ubora kwa wanaoajiri wauguzi kutoka nje kwa haki, na sharti lake kubwa ni kwamba mwajiri ndiye abebe gharama, muuguzi asitozwe. Ni sheria nzuri. Kasoro yake ni kwamba kuiomba alama hiyo ni hiari, tena inahusu uuguzi pekee. Dereva na fundi hawamo.

Ninakuomba, Mheshimiwa, uipeleke hoja hii Berlin: kwa kila Mkenya anayeajiriwa chini ya mkataba huu, awe muuguzi, dereva au fundi, kulipiwa na mwajiri kuwe lazima, pamoja na karo ya lugha. Na lililo ndani ya uwezo wako hapa Nairobi, lifanye mwezi huu: tangazeni redioni, kwa Kiswahili, kwamba hakuna nafasi zilizotengwa, masharti ni haya, ada halali ni hizi, na anayedai zaidi ya hapo ni tapeli.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa Kijerumani, Umoja, Nairobi