Bahari kuu si ya kuogopwa: barua kutoka Fakarava

Fakarava, Visiwa vya Tuamotu,
Polinesia ya Kifaransa.

Shoga yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe pamoja na shemeji, watoto na mama, ambaye kila siku namwombea Mungu amzidishie nguvu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Ujumbe wako nimeupata, na swali uliloliuliza mwishoni nimeona halifai kujibiwa kwa maneno mawili ya simu, kwa sababu linahusu wanao: je, uwalete wakae nasi chomboni wakati wa likizo ndefu ya Desemba, au kufanya hivyo ni kuwatia hatarini, maana kila ukiyafikiria maisha yetu huoni ila maji yasiyo na ukingo na chombo kidogo cha matanga kikielea katikati yake peke yake?

Nitakujibu kwa ukweli wote ninaoujua. Walete, lakini si Desemba. Na yale maji yasiyo na ukingo uyaondoe kabisa katika hofu zako, kwa sababu huko ndiko tunakokuwa salama zaidi. Kinachoniamsha mimi usiku na kunitoa nje kutazama ni nchi kavu iliyo karibu.

Tulipovuka kutoka visiwa vya Galápagos kwenda visiwa vya Marquesas, mwendo wa maili za baharini zipatazo 3,000, upepo wa kusini-mashariki ulitusukuma kutoka tezini, yaani nyuma ya chombo, usiku na mchana, upepo wa tabia moja na kusi ya kwetu ya mwezi wa Juni, ila huku hakuna kaskazi ya kuupokea zamu. Matanga yakishatwekwa na demani, yaani kamba za kuongozea matanga, zikafungwa sawasawa, kazi zinazobaki ni kupokezana zamu, kukagua kamba zisije zikalika pale zinaposuguana, kupika katika jiko linaloyumba na kuwasomesha watoto. Chini yetu palikuwa na kina cha takriban kilomita nne, na juu ya maji hapakuwa na kitu cha kugonga. Watoto walisumbuliwa na kichefuchefu siku za mwanzo, kisha wakazoea, wakawa wanaamka alfajiri kuwaokota samaki warukao walioangukia sitahani usiku. Uchovu upo, tena mwingi, lakini hofu uliyonayo wewe sikuiona kwa mtu yeyote chomboni.

Mambo hubadilika tunapoikaribia Tuamotu. Visiwa hivi vipatavyo 78 si milima kama Tahiti au Marquesas, bali ni pete za matumbawe, kila pete imezunguka ziwa la maji ya chumvi, na nchi yenyewe huinuka mita chache tu, hata mtu huviona vichwa vya minazi kabla ya kuiona ardhi. Mabaharia wa Ulaya walivipa jina la Visiwa vya Hatari, nami siwalaumu. Ili kuingia ndani ya pete sharti upite mlangoni, yaani penye pengo la mwamba, na mlango una saa zake. Wewe umezaliwa Mombasa, unajua bamvua la kwetu linavyoyainua maji kwa zaidi ya mita tatu. Huku tofauti ya kujaa na kupwa haifiki mita moja, na mgeni akisikia hivyo hudhani mikondo ya huku ni ya kuchezea. Sivyo. Ziwa la Fakarava lina urefu wa kilomita 60 hivi, na milango yake mikubwa ni miwili tu, Garuae upande wa kaskazini na Tumakohua upande wa kusini. Isitoshe, mawimbi makubwa yanayotoka kusini ya mbali huvuka juu ya mwamba na kulijaza ziwa, kwa hiyo ziko siku ambazo mkondo huendelea kutoka hata wakati jedwali la kujaa na kupwa linasema maji yanajaa. Mkondo huo ukikutana na upepo unaoingia, mawimbi husimama wima palepale bila kusonga, na chombo chenye injini ndogo hakina la kufanya katikati yake.

Tunachofanya sisi ni kufika mapema, kupunguza matanga na kukaa nje tukiyatazama maji kwa darubini mpaka uso wake ulale. Saa hiyo ikifika, baba watoto hushika usukani, kijana wetu hutusomea kina kwa sauti, nami huwa omoni, mbele ya chombo. Tukishaingia ziwani, binti yetu, ambaye sasa ana miaka 12, hupanda mlingotini akiwa amefungwa mkanda wa usalama na kuvaa miwani ya jua, akitutajia rangi za maji: buluu iliyokoza ni kina, kijani ni mchanga, hudhurungi ni tumbawe linalokaribia uso wa maji. Kazi hiyo hufanywa jua likiwa juu na nyuma yetu; likiwa mbele, au wingu likilifunika, rangi zote hupotea nasi hatusogei hata kidogo. Ningependa wanao wamwone akiwa kule juu, kwa sababu darasani hakuna mahali ambapo mtoto hupewa jukumu la namna hiyo na akaliheshimu hivyo.

Kutia nanga nako kuna adabu zake. Chini mna mchanga uliochanganyika na matumbawe, na mnyororo ukilegea hujizungusha kwenye tumbawe, ukalivunja, kisha ukafupika na kuanza kukivuta chombo kwa kishindo kila wimbi linapopita. Dawa yake ni maboya meusi yaliyokatika kutoka mashamba ya lulu na kutupwa ufukoni na mawimbi. Tunayafunga kwenye mnyororo kwa nafasi, ili sehemu iliyo karibu na nanga ilale mchangani na sehemu inayobaki iinuke juu ya matumbawe. Ukizamia na miwani unauona mnyororo wote umepanda kwa ngazi, boya baada ya boya, na samaki wadogo wakipita chini yake bila kuguswa. Mimi huzamia kila tutiapo nanga, na sipiki chakula kabla sijaona kwa macho yangu kwamba umekaa hivyo.

Tena upepo hugeuka. Siku nyingi hutoka mashariki au kusini-mashariki, nasi hukaa nyuma ya minazi, maji yakiwa shuwari. Lakini hali ya hewa ikichafuka kusini ya mbali, upepo huzungukia kaskazini, kisha magharibi, na ufuko uliokuwa ukitukinga ndio huwa wa kutuvunja, kwa kuwa mawimbi yana kilomita nyingi za ziwa za kukua kabla ya kutufikia. Usiku hatuwezi kuhama katikati ya matumbawe. Kwa hiyo dalili za kwanza zikionekana tunang'oa nanga mchana kweupe, hata watoto wakiwa katikati ya mchezo na wenzao wa ufukoni, na kuhamia upande wa pili. Waambie wanao mapema kwamba hapo hakuna kubembelezana.

Hata samaki hufuata kanuni hiyo hiyo, na hili nakuomba ulisome vizuri. Jodari na fulusi tunaowavua bahari kuu tunawala bila wasiwasi. Samaki wa mwambani, yaani chewa, pono, kolekole na wenzao, huweza kuwa na sumu iitwayo siguatera, ambayo hutoka kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa. Samaki mdogo huula, mkubwa humla mdogo, na sumu hujikusanya mwilini mwa mkubwa. Wanasayansi waliupa mwani huo jina la Gambierdiscus mwaka 1979, kwa ajili ya visiwa vya Gambier vilivyo kusini-mashariki mwa hapa. Sumu yenyewe haina harufu wala ladha, haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kugandishwa, na aliyeipata huweza kuhisi maji baridi yakimchoma. Ugumu uko hapa: samaki wa aina moja huwa salama kwenye mlango huu na hatari kwenye kisiwa cha jirani. Wenye kujua ni wenyeji. Jirani yetu, mzee anayekausha mbata, kila binti yetu anapomletea samaki humshika mkiani, humgeuza, huuliza kwanza alivuliwa upande gani, na ndipo hutingisha kichwa au hucheka. Akitingisha kichwa, samaki hurudi baharini, na hakuna mjadala.

Nilipoingia jikoni kwake mara ya kwanza nilitaka kulia, kwa maana mkewe alikuwa amekaa juu ya kigoda chenye chuma cha meno mbele yake, akikuna nazi vilevile tunavyokuna sisi kwenye mbuzi. Tui lake hulimimina juu ya samaki mbichi aliyekamuliwa ndimu, na nakuhakikishia utaomba uongezewe. Shelisheli tuliyala sana Marquesas, pamoja na balungi na maembe ambayo watu walitupa bila kutaka fedha. Hapa Tuamotu udongo ni matumbawe matupu, kwa hiyo mboga na vitunguu huja kwa meli kutoka Papeete, mji mkuu ulioko Tahiti, na bei yake itakushtua. Mito hakuna. Watu hukusanya maji ya mvua kutoka mapaani, na ndiyo sababu tumewakataza watoto kuomba maji ufukoni, kwa kuwa sisi tunayo mashine ya kuondoa chumvi na jirani ana tangi tu. Kuoga kwetu ni kwa maji ya bahari, kisha kikombe kimoja cha maji yasiyo na chumvi cha kujisuuzia.

Uliuliza pia kuhusu masomo. Asubuhi ni ya masomo mpaka adhuhuri, Kiswahili kikiwamo kila siku, na somo zuri kuliko yote huwa limetuzunguka. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alipita katika visiwa hivi mwaka 1835, na mwaka 1842 alichapisha maelezo yake kwamba pete ya matumbawe ilianza kandokando ya mlima wa volkano, mlima ukadidimia polepole, na matumbawe yakaendelea kuota kwenda juu kuifuata nuru. Watoto walilielewa jambo hilo kwa haraka kwa sababu walikwishaiona milima mizima ya Marquesas, kisha Fakarava isiyokuwa na mlima hata mmoja. Lakini wenyeji ndio walionifundisha mimi. Mama mmoja wa hapa aliniambia kwamba watoto wengi wa visiwa vidogo huondoka nyumbani wakiwa na miaka 11 au 12 kwenda kusoma bweni Rangiroa, Makemo, Hao au Tahiti, na akanishika mkono akiniambia nina bahati ya kula chakula cha jioni na wanangu. Tangu hapo sijalalamika tena juu ya chumba kidogo.

Sasa kuhusu wakati. Msimu wa vimbunga huanza Novemba na kwisha Aprili. Miaka mingi hupita bila kimbunga kufika hapa, lakini katika msimu wa 1982 na 1983, uliokuwa wa El Niño, vilifuatana kimoja baada ya kingine, na juu ya kisiwa chenye kimo cha mita chache hakuna mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo Novemba sisi hurudi Marquesas, ambako vimbunga ni nadra sana, lakini ghuba zake zina mawimbi ya kuyumbisha na mabinti zako hawatalala. Waleteni likizo ya Agosti. Ni fupi, najua, na upepo huvuma kwa nguvu, ila hewa ni kavu na maji ni safi mpaka unaihesabu mikono ya kiti cha pweza kutoka sitahani.

Viza ianzeni mapema. Viza ya kawaida ya Ufaransa haitoshi. Lazima iandikwe kwamba inatumika Polinesia ya Kifaransa. Mkipitia Los Angeles mtahitaji pia viza ya Marekani hata kama hamtoki uwanjani, kwa hiyo linganisheni na njia ya Auckland. Kutoka Papeete kuna ndege ndogo mpaka hapa Fakarava, nasi tutawapokea kwa mashua.

Mwambie shemeji, aliyeuliza kuhusu kibla, kwamba hapa tunaelekea kaskazini-magharibi. Kisiwa cha Tematangi, kilicho karibu kilomita 800 kusini-mashariki mwetu, ndicho nchi kavu iliyo karibu zaidi na nukta inayokabiliana na Makka upande wa pili wa dunia. Baba watoto ana hamu kubwa ya kufika huko siku moja, nami pia.

Tuletee iliki, bizari ya pilau iliyofungwa dukani, na vitabu vya Kiswahili vya umri wa kijana wetu, maana vyake ameshavisoma mpaka majani yamelegea. Watoto walete viatu vya mpira vya kutembelea matumbawe, na wewe wafundishe kuogelea vizuri tangu sasa, pale Nyali au popote penye maji tulivu, hata kama watavaa jaketi la kuokolea kila saa. Ukitaka kuzungumza, nipigie saa mbili usiku ya kwenu. Kwetu huwa ni saa moja asubuhi na chai iko mezani.

Nisalimie wote, na nijibu kabla hamjakata tiketi.

Akupendaye daima,
Shoga yako wa chomboni