Mjamzito mwenye valvu ya chuma asiambiwe tu "acha dawa"

Mhariri,

Naomba nafasi maana hili limenikaa kooni. Dada yangu ana valvu ya chuma kwenye moyo, yaani kilango bandia cha kupitisha damu, ya kwake iliharibika kwa homa ya rumatiki aliyoipata utotoni, ile inayoanza na mafindofindo tu watu wakadhani yamepita. Chumba kikitulia unaisikia kabisa inavyogonga, tik tik. Sasa alivyoshika mimba akaenda kliniki, akaambiwa warfarini, ile dawa yake ya kuzuia damu isigande, inadhuru mtoto, acha leo leo. Akaacha kweli! Dokta wake wa moyo aliposikia alishika kichwa.

Ni kweli warfarini inapita kwenye kondo la nyuma na inaweza kumletea mtoto ulemavu, hasa wiki ya 6 mpaka ya 12, na dozi ikizidi miligramu 5 kwa siku hatari inapanda. Lakini bila dawa damu inaganda kwenye ile valvu, inakwama, au bonge linachomoka linaenda kwenye ubongo, na mimba yenyewe inafanya damu igande haraka kuliko kawaida, kwa hiyo ukiacha tu hivi hivi unaweza kupoteza mama na mtoto wote wawili. Kinachotakiwa ni kubadilishiwa. Wengi wanahamishiwa sindano za heparini, nayo ni ya kuzuia damu isigande, zile wiki za mwanzo, hiyo haimfikii mtoto, halafu wanarudi kwenye vidonge, ikikaribia wiki ya 36 wanarudishwa tena kwenye sindano ili wajifungue salama. Na heparini siyo ya kuchoma kwa kukadiria jamani, damu inapimwa mara kwa mara maana mimba ikikua dozi nayo inabadilika. Vile vidonge vipya vinavyosifiwa kwamba havihitaji kupima damu, kwa valvu ya chuma havifai, uwe na mimba usiwe nayo.

Kuna wengine hawajui kabisa kama wanaumwa, mimba ndiyo inawaumbua. Damu mwilini inaongezeka karibu nusu ya ilivyokuwa, sasa kama valvu imesinyaa damu inarudi nyuma kwenye mapafu, mama anakosa pumzi, anakohoa usiku, hawezi kulala bila kupanga mito mitatu, na sisi tunamwambia vumilia ni mimba hiyo. Huyo apelekwe akapigwe eko ya moyo, ile picha ya ultrasaundi, haina mionzi na haimdhuru mtoto. Zipo dawa za kupunguza kasi ya moyo na za kutoa maji mwilini, zikishindwa madaktari wanaweza kupitisha puto kwenye mshipa wa paja wakaipanua valvu mimba ikiwa bado tumboni, mara nyingi baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Na akishajifungua asiharakishwe kurudi nyumbani, siku zile za kwanza damu nyingi inarudi kwenye moyo kwa mkupuo na wengine wanazidiwa hapo hapo wakati ndugu wanashangilia mtoto.

Ombi langu ni kwa wahudumu wa kliniki, hudhurio la kwanza mama aulizwe kama amewahi kuambiwa ana tatizo la moyo au kufanyiwa upasuaji wa moyo, akisema ndiyo msiguse dawa zake kabla hamjaongea na dokta wake. Na nyie wenye gazeti, mkiandika tena kuhusu dawa za kuepuka wakati wa ujauzito muulizeni na daktari wa moyo.

Msomaji wenu