Anayelindwa na polisi asikose haki anazopewa mshukiwa

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumzie watu wanaofungiwa seli bila kushukiwa kosa lolote, kwa maelezo kwamba polisi wanawalinda. Hapa Nairobi jambo hili si geni: kijana huokolewa mikononi mwa umati uliokwisha kuleta matairi, mke hukimbilia kituoni usiku akitoroka kipigo, shahidi hutishiwa maisha. Polisi wanaowapokea wanastahili shukrani. Ninalohoji ni yale yanayofuata mlango ukishafungwa kwa nje.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliokolewa hivyo stejini, baada ya kusingiziwa wizi wa simu. Kituoni alivuliwa mshipi na kamba za viatu, simu yake ikachukuliwa, akalazwa pamoja na washukiwa. Mamake alipokwenda kumwombea dhamana alijibiwa kwamba mwanawe hakukamatwa, kwa hiyo hakuna dhamana. Alipouliza mbona basi haachiliwi, akaambiwa kwamba nje si salama. Mshukiwa aliyelala naye seli moja alikuwa na hakika kwamba, kwa mujibu wa Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010, angefikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata iwapo muda huo ungeishia nje ya saa za kazi, ilhali yule asiyeshtakiwa lolote hakuwa na siku ya kungojea.

Hali hii haiwezi kuwa ndiyo nia ya Katiba. Kifungu cha 29 kinakataza mtu kunyimwa uhuru kiholela au bila sababu ya haki, nacho Kifungu cha 51, ambacho hakiwataji washukiwa pekee, kinamhifadhia kila anayezuiliwa haki zake, isipokuwa zile zisizowezekana kabisa akiwa kizuizini. Kwa mtoto, Kifungu cha 53 kinataka kizuizi kiwe hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima.

Kwa maoni yangu, ridhaa ya anayelindwa ndiyo iwe msingi. Aulizwe kama anataka kubaki, na jibu lake liandikwe katika OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, pamoja na sababu na saa aliyoingia. Apewe simu awaite jamaa au wakili. Akisema ana shangazi Machakos atakayempokea, asindikizwe hadi kwenye gari. Akikataa kubaki na afisa aone hatari ni kubwa mno, basi hakimu aamue ndani ya saa zizo hizo 24. Mashahidi nao wana sheria yao ya ulinzi tangu 2006, kwa hiyo seli isiwe kimbilio lao la kwanza.

Jamaa nao waelezwe pale pale kwenye meza ya ripoti kwamba Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea mwenyewe, na kwamba hatozwi ada ya kuwasilisha kesi hiyo.

Mkazi wa Kayole,
Nairobi